Kupima jinsi chuma kinavyowaathiri bakteria wa majitaka: madumu matano, siku moja

Bakteria wanaoondoa nitrojeni wanahitaji chuma, maana vimeng'enya vyao vimejengwa nacho. Chuma kikizidi, kazi yao hushuka. Ila mara nyingi kinachowaua si chuma, ni asidi iliyokuja nacho. Jaribio hili linatenganisha hayo mawili.

1. Tope

Chota tope hai (tope lililojaa bakteria) kwenye tangi la majitaka linalopulizwa hewa. Tope la chini ya bwawa la wazi, kama yale ya majitaka ya Swaswa, Dodoma, halifai: limekaa bila hewa, na bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitrati ni wachache mno humo. Tope hai ulilochota lipulize hewa usiku kucha hadi amonia yake iishe.

2. Madumu

Madumu matano ya lita 5, kila moja lita 4 za tope kutoka pipa moja lililokorogwa vizuri. Tia gramu 0.61 za amonia kloraidi kila dumu. Hizo ni miligramu 40 za nitrojeni kwa lita. Yaweke yote kwenye beseni moja la maji, kwa sababu baridi ya Juni na Julai Dodoma hupunguza kasi ya bakteria, na dumu la dirishani litaonekana limetiwa sumu.

Pampu za tangi la samaki zinatosha. Oksijeni isishuke chini ya 2 mg/l (miligramu kwa lita). Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya nyuzi 25 hujaa oksijeni kwenye 7.2 mg/l hivi, si 8.3 kama pwani. Rekebisha kifaa kwa mwinuko huo.

3. Maji ya chuma

Yeyusha gramu 4.84 za feri kloraidi (ile yenye molekuli sita za maji) ufikishe lita 1. Mililita 4 za maji hayo kwenye dumu ni 1 mg/l ya chuma. Usitumie ferasi salfeti hapa: chuma chake hula oksijeni kinapogeuka kuwa feri, na chupa ikikaa siku mbili hujui tena umetia nini. Kutu ya misumari usiijaribu kabisa.

4. Ualkali: usiruke hapa

Ualkali ni nguvu ya maji kumeza asidi. Kila miligramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula 7.14 za ualkali (kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti). Kila miligramu ya chuma cha feri hula 2.7.

Chukua maji yenye ualkali 300 mg/l. Amonia ya 40 inakula 286, zinabaki 14. Ongeza chuma 20 mg/l: kinadai 54 wakati zimebaki 14 tu. pH inaporomoka, bakteria wanasimama, nawe unaandika "chuma ni sumu". Si kweli.

Kwa hiyo pima ualkali kwanza, kisha panga hivi:

- A: bila chuma
- B: chuma 5 mg/l na gramu 0.09 za sodiamu baikaboneti
- C: chuma 20 mg/l na gramu 0.36 za baikaboneti
- D: chuma 20 mg/l, bila baikaboneti
- E: bila chuma, mililita 4.3 za asidi ya haidrokloriki ya 1 mol/l

E ina asidi sawasawa na ya D. D na E zikizembea pamoja huku C ikienda na A, mkosaji ni asidi. C ikizembea bila pH yake kushuka, hapo chuma ndicho cha kushtakiwa. Kama ualkali wako ni 500, D haitaonyesha kitu. Hiyo ni habari njema kwa mtambo wako. Usitumie beking pauda badala ya baikaboneti: ina asidi ndani yake.

Pima pia fosfati iliyoyeyuka kwenye C na D. Chuma 20 mg/l kinaweza kukamata hadi 11 za fosforasi, na bakteria wenye njaa ya fosforasi hufanana na waliotiwa sumu.

5. Kupima

Sampuli kila saa hadi amonia ya A iishe: pH, amonia, nitriti, nitrati. Chuja kwanza, maana chembe za chuma huchafua rangi ya kipimo. Kwa amonia tumia njia ya salisileti. Ya Nessler ina zebaki.

Nitriti ikipanda na kubaki juu, kundi la pili la bakteria, wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ndilo lililoumia.

Gawanya kasi ya amonia kupungua kwa uzito wa tope linaloungua kwenye nyuzi 550, si tope lote. Chuma 20 mg/l huongeza karibu 38 mg/l za matope yasiyo na uhai, na ukiyahesabu C itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.