Maneno ya Kiingereza ya sn, yatafute puani

Jana nilikuwa namsaidia mdogo wangu kukariri msamiati wa Kiingereza ndo nikashtukia hii. Usikariri kwa kufuata orodha ya kitabu, yapange maneno kwa herufi mbili za mwanzo halafu uliza yanagusa nini. Chukua sn: sneeze ni kupiga chafya, snore kukoroma, sniff kunusa, snot ni kamasi (samahani kwa wanaokula), snout ile pua ya nguruwe, hadi snuff ni ugoro, yaani yote puani! Gl nayo ni mwanga, glow, glitter, gleam, glint, glare, kung'aa kwa namna tofauti tofauti tu. Inasaidia kwa sababu kichwa kinashika picha moja badala ya maneno sita yaliyotawanyika, na ukikutana na neno geni la gl kwenye sentensi ya taa au jua unakuwa na pa kuanzia kubahatisha.

Ila usijiamini sana. Snake ni nyoka, snow theluji, snail konokono, hapo hamna pua. Glue ni gundi na glove ni glavu, giza tupu. Alafu sn sio kama un ya unhappy ambayo ukiikata neno linabaki, kata sneeze uone unabaki na nini, eeze? Kwahiyo kabla ya mtihani hakikisha na kamusi kwanza, mi naitumia kukumbuka tu yale nishayajua.