Kabla hujauliza bei ya mbegu, mtazame ng'ombe wako

Mwezi wa tatu nilishinda Nyangao kwa mwalimu mstaafu mwenye majike kumi na moja. Alikuwa amenipigia simu kuuliza jambo moja tu: nina mbegu ya dume la Friziani, ng'ombe wa maziwa, ya kuhimilisha majike yake, yaani kuwapa mimba kwa mrija bila dume? Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Mbegu ipo, ila nitakuja kwanza niwaone wenyewe." Jioni ile tulibaki na wanne wa kuhimilishwa. Hakufurahi, maana alishapiga hesabu ya ndama kumi na moja.

Naandika jinsi tulivyowapunguza, kwa sababu wafugaji wengi wa huku Lindi na Mtwara hatua hii wanairuka. Mbegu ikiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, inakaa miaka. Jike ana saa zake tu za kushika mimba. Wafuga farasi wanaopandikiza viinitete, yaani mimba changa sana, nawahusudu kwa hili: jike wa kubebeshwa mimba ya mwenzake hawamchagui kwa rangi wala kwa ukoo. Wanaangalia kizazi chake na siku aliyotoa yai, kwa kawaida kuanzia siku moja kabla ya mwenye kiinitete hadi siku tatu baada yake. Sisi na ng'ombe tunataka tuulize bei halafu tukamate mkia.

Hatua ya 1: Kalenda

Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kadhaa, kama siku 283 hivi. Ukihimilisha mwezi wa tatu au wa nne, ndama anazaliwa Desemba au Januari, mvua zimeshaanza na majani yanachipua. Tatizo letu ni kwamba pesa ya korosho inaingia kuanzia Oktoba, na mtu akiwa na pesa ndipo anapomkumbuka mhimilishaji. Wakati huo ng'ombe wamekonda kuliko mwezi wowote. Hiyo pesa iwekee mashudu ya ufuta na dawa ya kuogesha, mbegu isubiri.

Hatua ya 2: Mwili

Simama nyuma yake, kidogo upande wa kushoto. Tunampa alama 1 hadi 5: moja ni mifupa mitupu, tano ni mafuta hadi shina la mkia limezama. Nataka kati ya 2.5 na 3.5. Usiridhike kwa macho, hasa kama manyoya ni marefu. Bonyeza mbavu kwa vidole. Ukizihesabu bila kubonyeza, huyo arudi malishoni. Aliyenona kupita kiasi naye simtaki, ingawa kwetu huyo hapatikani mara nyingi. Kwa mwalimu watatu walitoka hapa.

Hatua ya 3: Amezaa lini, na alizaaje

Siku 60 tangu kuzaa, chini ya hapo sigusi. Kizazi kinahitaji muda kurudi mahali pake. Uliza pia kama kondo la nyuma lilichelewa kutoka, na tazama uchafu wa ukeni. Ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai ni habari njema. Ukiwa na weupe wa usaha, atibiwe kwanza. Zebu, yule ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, akinyonyesha ndama mchana na usiku anaweza kukaa miezi bila kurudi kwenye joto, yaani kutaka kupandwa, kwa hiyo ndama atengwe, anyonyeshwe asubuhi na jioni tu.

Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, asipimwe kwa umri. Afike walau asilimia 60 ya uzito wa majike wakubwa wa aina yake. Nina tepu ya kupima kifua, bei yake ni ndogo, na sioni kwa nini mtu mwenye mitamba asiwe nayo.

Hapa wakatoka wengine watatu: mmoja alikuwa na wiki tano tangu azae, mmoja ana usaha, na mtamba mmoja mzuri sana wa sura lakini mdogo.

Hatua ya 4: Magonjwa

Ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na bruselosi, unaotupisha mimba. Aliyewahi kutupa mimba apimwe damu, usibahatishe. Anayetoka upande wa Liwale apimwe hata kama anang'aa.

Hatua ya 5: Mkono kwanza, sindano baadaye

Hii ndiyo iliyonigharimu.

Tunapotaka majike kadhaa waingie kwenye joto kwa pamoja, tunawachoma prostaglandini. Dawa hiyo inayeyusha kile kinundu kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Kinundu kikishaondoka, jike anarudi kwenye joto siku ya pili hadi ya tano. Lakini kinundu hichohicho ndicho kinachoshikilia mimba changa. Ukimchoma mwenye mimba, anaitupa.

Miaka ile nilikuwa mgeni kwenye kazi. Nilikwenda kwenye kundi moja upande wa Nachingwea, jua limeshapanda, ng'ombe wamepangwa kwenye krashi ya miti, kile kichochoro cha kuwabana, watu wanatazama. Mwenye mali akaniambia, "Bwana mifugo, hapa dume hatuna, choma tu." Nikachoma wote kwa mstari, nikajiona hodari. Siku ya tatu kijana wa kuchunga akanipeleka nyuma ya zizi. Kwenye majani palikuwa na kitu chekundu chenye ukubwa wa panya, kimeshakuwa na kwato. Mimba ya kama miezi mitatu. Dume hawakuwa nalo kweli, ila jirani alikuwa nalo, na baada ya mavuno ng'ombe wote wanachungwa shamba moja. Msimu mzima nilimhudumia yule mzee bila kumtoza, na bado sijui kama alinisamehe.

Kwa hiyo sasa kila jike anapimwa mimba kwa mkono, kupitia njia ya haja kubwa, kabla ya sindano, hata kama mwenyewe anaapa. Na hapa pana mitego:

Kwanza, mkono una kikomo. Mimi najiamini kuanzia siku 60. Wapo mafundi wanaoigundua mimba ya siku 35 au 40, ila usijihesabu kati yao mpaka umepima mamia. Maana yake, jike aliyepandwa mwezi uliopita mkono wako utakwambia yuko mtupu, na sindano itakuumbua. Pakiwa na shaka yoyote, mtenge na madume siku 60, kisha mpime. Wafugaji hawapendi kusikia hivyo. Ni heri wakasirike.

Pili, usimuulize mwenye mali peke yake. Muulize anayechunga, tena pembeni, bosi wake akiwa mbali. Kwa mwalimu, kijana ndiye aliyeninong'oneza kwamba yule mwekundu alipandwa na dume la jirani baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Nikapima taratibu: miezi miwili na zaidi. Mwalimu alinuna kidogo, kisha akaanza kuuliza dume lenyewe lilikuwaje.

Tatu, usidanganyike na joto. Wapo wachache wenye mimba wanaoonyesha dalili za joto, na ukipitisha mrija hadi ndani ya kizazi unaweza kuitoa mimba kwa mkono wako.

Nne, dawa inafanya kazi kama kinundu kimekomaa, yaani kuanzia siku ya tano hivi tangu joto hadi kama ya 17. Asiye nacho hatashtuka. Ndiyo maana anayegoma tunamrudia baada ya siku 11. Usimwongezee kipimo siku hiyohiyo.

Tano, dawa hii inapita kwenye ngozi. Mjamzito asiishike, mwenye pumu asiishike. Mimi navaa glavu hata ya kufungulia chupa. Na kwa kupimia natumia glavu ndefu zinazofika begani. Za mkononi zilizounganishwa na mfuko wa plastiki sizitaki kuziona.

Hatua ya 6: Kungoja joto

Zebu ana aibu. Joto lake ni fupi, na mara nyingi hulionyesha usiku au alfajiri. Wengine wananunua vibandiko maalumu vya kubandika mgongoni. Mimi napaka rangi juu ya shina la mkia, kila siku, jioni. Kwa mwalimu rangi iliisha, tukatumia chaki zake za zamani zilizolowekwa maji. Asubuhi ukikuta imefutika na manyoya yamevurugika, amepandwa na wenzake. Aliyesimama apandwe asubuhi anahimilishwa jioni, wa jioni anahimilishwa kesho asubuhi.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo mbegu

Kwa zebu wetu wadogo, uzao wa kwanza nachagua Jezi, aina ndogo ya ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ndama wake ni mdogo na anatoka bila kuvutwa kwa kamba. Friziani asubiri mama akishazaa mara moja au mbili. Mwalimu alibisha mpaka chai ikapoa.

Wale wanne, watatu walikuwa na kinundu. Wawili chaki ilifutika siku ya tatu tangu sindano, mmoja siku ya nne. Wa nne tulimngoja siku 11. Siku ya 21 tangu kuhimilisha mwalimu aliamka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri na tochi kuangalia nani karudi kwenye joto. Alirudi mmoja.