SOMO: Mbwa mdogo amemeza kitu hujui ni nini. Fanya hivi, na usivute uzi

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimeulizwa mara sita swali lile lile: "Dada, kambwa kangu kamemeza kitu, nifanyeje?" Nimechoka kulijibu vipande vipande saa tano za usiku, kwa hiyo naandika lote hapa, mara moja. Mimi si daktari. Nafuga mbwa wadogo, huu ni mwaka wa tisa, na mmoja wao, Njugu, wa kilo 3 na nusu, nilikaribia kumuua kwa mkono wangu mwenyewe. Habari yake iko hatua ya 5.

Udogo wao ndio tatizo. Kipande cha gunzi ambacho mbwa wa kilo 30 anaweza kukipitisha, kwa mbwa wa kilo 3 kinakaa kama kizibo kwenye chupa. Utumbo wake ni mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho.

Hatua ya 1. Anapumua? Akikohoa na sauti inatoka, mwache akohoe. Sauti ikikatika, anajiparura mdomo na ulimi unageuka bluu, fungua mdomo uangalie. Unachokiona, kitoe. Usichokiona usikipapase, kidole kitakisukuma ndani zaidi. Mshike mapaja ya nyuma, kichwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 4 au 5, kisha angalia mdomo tena. Bado? Mgongo wake kifuani kwako, sukuma chini ya mbavu kwenda ndani na juu mara 5, kwa nguvu ya vidole tu maana mbavu zake ni njiti. Mwenzako awe anatafuta bajaji muda huo huo.

Hatua ya 2. Mwondoe pale alipo. Mbwa wengine pia.

Hatua ya 3. Okota mabaki uyapange sakafuni, uone kinachopungua. Soksi ya pili iko wapi? Kifuniko cha rimoti kimefunguka, betri iko wapi? Piga picha, chukua pakiti kama ipo, andika saa.

Hatua ya 4. Mpigie daktari wa mifugo kabla hujamtia chochote mdomoni. Daktari, si muuza duka la dawa za mifugo. Viko vitu ambavyo havisubiri hata kama mbwa bado anacheza: betri bapa za duara, sumaku zaidi ya moja, sindano, ndoano, gunzi, kokwa la embe, uzi au kamba ya aina yoyote, dawa za binadamu, bigijii zisizo na sukari, sumu ya panya. Betri, hata ile uliyoona imekwisha, ikinasa kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa moja. Sumu nyingi za panya hazionyeshi chochote siku ya kwanza wala ya pili. Damu hupoteza uwezo wa kuganda taratibu, na siku ya tatu hadi ya tano ndipo mbwa anaanza kuvuja damu. Akianzishiwa vitamini K1 mapema, mara nyingi anapona.

Na usimtapishe. Maji ya chumvi yanapandisha chumvi kwenye damu hadi ubongo unavimba. Mafuta ya kula yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa hayafungi sumu. Kitu chenye ncha kikirudi juu kinachana mara ya pili, na mafuta ya taa yakitapikwa yanaingia njia ya hewa. Daktari ana sindano ya kumtapisha, na ndiye anayejua lini inafaa. Kwa sumu, muda wake mzuri ni kama saa mbili za mwanzo, ndiyo maana nimesema mpigie kwanza.

Hatua ya 5. UZI. Hapa naomba msome polepole.

Nilikuwa nimefungua salfeti la dagaa. Ule uzi mweupe wa kushonea mdomo wa salfeti niliuvuta wote nikauacha chini, maana mikono ilikuwa imejaa. Uzi unanuka dagaa, kwa hiyo kwa Njugu huo ulikuwa chakula. Kesho yake alitapika asubuhi, akatapika mchana, nikasema tumbo limechafuka. Jioni nikaona uzi unaning'inia nyuma, kama urefu wa vidole vinne. Nikafurahi kwamba umetoka. Nikaushika kwa kitambaa, nikavuta. Ukaja kidogo, ukakwama, akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia. Nikavuta tena.

Usiku huo alifunguliwa tumbo. Ncha ya pili ya uzi ilikuwa imejizungusha kwenye shina la ulimi. Kama umewahi kushona marinda unajua: ncha moja imefungwa, unavuta nyingine, kitambaa kinajikunja chote kwenye uzi. Utumbo wake ulikuwa umejikunja hivyo hivyo, na kila nilipovuta, uzi ule ulikuwa unakata kama msumeno. Ulikuwa umetoboka sehemu mbili. Walikata sentimita 11 wakaunga. Alipona, lakini siku nne za kwanza nililala sakafuni kando yake, mkono ubavuni pake, nikihesabu pumzi.

Kwa hiyo:
- Uzi ukionekana mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Hata kama umelegea. Hata kama mwenzako alivuta wa kwake ukatoka salama.
- Ukiwa mrefu hadi anaukanyaga, ukate kwa mkasi, uache kipande kinachoonekana ili daktari akione.
- Mzuie asiulambe wala kuung'ata.
- Angalia chini ya ulimi. Fungua mdomo, kisha kwa kidole gumba sukuma juu kutoka nje, pale pa laini chini ya kidevu, kati ya mifupa miwili ya taya. Ulimi utanyanyuka na utaona shina lake. Mimi sikujua hili. Sekunde 5 tu zingenionyesha uzi asubuhi ile alipotapika mara ya kwanza. Uking'amua uzi hapo, usiuguse, nenda hospitali.
- Tepu za kaseti, nywele za kusukia, soksi za nailoni na utepe wa zawadi ni uzi vilevile.

Hatua ya 6. Daktari akisema subirini nyumbani, basi kila kinyesi unakiponda kwa kijiti ukitafuta. Vitu vingine hutoka kesho yake, vingine huchukua siku kadhaa. Bonyeza fizi kwa kidole, uachie: weupe urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Rudi hospitali mara moja akitapika zaidi ya mara moja, akikataa chakula, akikamua bila kutoa kitu, tumbo likiwa gumu, au akiinamisha kifua chini huku makalio yako juu. Ile si kuomba mchezo, ni maumivu. Usimpe dawa ya kuharisha, usimpe Panadol, usimpe ibuprofen.

Hatua ya 7. Hospitalini sema uzito wake, saa, na ulichokiona. Usifiche kwamba ulimpa mafuta au chumvi.

Ulizeni.

---

Msafiri_Tegeta: mkuu, mbwa wangu kameza kitu leo, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4. Kitu gani, saa ngapi, ana kilo ngapi, ametapika?

Msafiri_Tegeta: sijui kitu gani. nimekuta jalala la jikoni limepinduliwa. katapika kidogo tu. nimempa maziwa

Mwandishi: Mara ngapi "kidogo tu"? Na kwenye jalala kulikuwa na nini jana? Nimeandika usimpe kitu mdomoni.

Msafiri_Tegeta: mara tatu. jana tulichoma mahindi

Mwandishi: Funga simu, uende. Gunzi haliyeyuki tumboni. Hesabu magunzi yaliyobaki, na njiani mwulize aliyekula yalikuwa mangapi.

Bibi Mahanjumati: Asante mwanangu kwa somo. Naomba kujifunza: kwa nini binamu yangu alipigiwa mbwa wake eksirei wakasema hakuna kitu, halafu alipofunguliwa wakakuta gunzi?

Mwandishi: Shikamoo mama. Umeuliza jambo ambalo ningetaka kila mtu aulize. Eksirei inaonyesha vizuri vitu vizito: chuma, jiwe, mfupa. Gunzi, mbao, nguo na plastiki nyingi vinapitisha miale karibu sawa na nyama inayovizunguka, kwa hiyo picha inatoka kama hakuna kitu. Daktari mzoefu haangalii kitu chenyewe, anaangalia dalili zake: utumbo upande mmoja umejaa hewa na kuvimba, upande wa pili umenywea. Baada ya hapo anaweza kupiga altrasaundi, au kumnywesha dawa nyeupe ya bariamu inayoonekana kwenye picha na kumpiga tena baada ya saa kadhaa kuona imekwama wapi. Kwa hiyo ukiambiwa "eksirei safi" na mbwa bado anatapika, uliza kwa heshima kama altrasaundi inawezekana. Kwa walioko Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ipo. Ndugu wa Nairobi wana kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Bibi Mahanjumati: Marahaba. Mungu akubariki, nimeelewa kabisa.

Jembe Halimtupi: Mnawadekeza. Mbwa wa babu yangu alikula mifupa na makokwa miaka 14.

Mwandishi: Alikuwa na kilo ngapi? Na wale waliokufa "kwa kurogwa" au "kwa sumu ya jirani" pale kijijini, kuna mtu aliyewafungua akaangalia? Kokwa la embe linaweza kukaa tumboni wiki nzima bila dalili, siku likishuka kwenye utumbo ndipo linaziba. Nimemshika wangu akiwa kwenye nusu kaputi. Siandiki hili kwa kudeka.

Nuru ya Kigamboni: Dada, mimi wangu ana miezi mitano, anakula kila kitu: mchanga, mkaa, karatasi, hata vifungo vya shati. Nimemzuia nimechoka. Ni tabia au ni ugonjwa?

Mwandishi: Inaweza kuwa vyote viwili, Nuru. Miezi mitano meno ya utotoni yanang'oka na mapya yanaota, fizi zinawasha, kwa hiyo anatafuna. Hilo hupungua kufikia miezi saba hivi. Mpe kitambaa kilicholoweshwa, kikafungwa fundo na kugandishwa kwenye friza, lakini akae nacho ukiwepo, maana akikichana ni uzi tena. Lakini anayemeza mchanga na mkaa mpime minyoo. Safura wananyonya damu ya mtoto wa mbwa hadi fizi zinakuwa nyeupe, na mnyama mwenye upungufu wa damu hula udongo. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki 12, kila mwezi hadi miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Yeye umempa lini mara ya mwisho?

Nuru ya Kigamboni: Sijawahi kumpa tangu nimnunue 😔 Fizi zimepauka kweli.

Mwandishi: Usijilaumu, kesho mpeleke na kinyesi kwenye kikopo. Na umfundishe "achia" kwa kubadilishana: yeye anaachia kifungo, wewe unampa kipande cha ini. Ukimkimbiza na kumpokonya, anajifunza kumeza haraka kabla hujafika. Wengi tunawafundisha kumeza bila kujua.

Fundi Redio: Kwenye hilo la betri, mimi naziba kifuniko cha rimoti ya geti kwa tepu ya umeme. Na zilizokwisha nazifunga tepu kabla ya kutupa.

Mwandishi: Asante fundi, hilo naanza leo.

Kapteni wa Bagamoyo: Wa kwangu tangu jana anatoa udenda, taya limelegea, anatafuna mawe na vijiti, maji hayapiti. Nadhani ana mfupa kooni. Nimevaa soksi mkononi nijaribu kuuvuta?

Mwandishi: USITIE MKONO. Ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Amewahi kupigana na mbwa wa mtaani?

Kapteni wa Bagamoyo: Chanjo sina uhakika. Kulikuwa na ugomvi getini kama mwezi mmoja uliopita.

Mwandishi: Kaka, kichaa cha mbwa kinaonekana hivyo hivyo: udenda, taya kulegea, kushindwa kumeza, kula vitu visivyo chakula. Watu wameambukizwa wakitafuta "mfupa" ambao haukuwepo. Mfungie peke yake chumbani, watoto wasimkaribie, mpigie ofisa mifugo wa wilaya sasa. Kuna mtu ameguswa na mate yake penye mchubuko, au mdomoni, au machoni?

Kapteni wa Bagamoyo: Mimi jana nilimfungua mdomo. Nina kidonda kidogo kidoleni.

Mwandishi: Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali ya binadamu leo hii, waambie "mbwa, mate, kidonda" uanzishiwe chanjo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Nijulishe ukifika.

Kapteni wa Bagamoyo: Nimeosha. Naondoka.

Mama Pacha: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Paka naye na uzi?

Mwandishi: Paka ndiyo zaidi, na mara nyingi uzi unakuwa na sindano mbele. Kikapu cha cherehani kifunikwe. Chini ya ulimi unaangalia vilevile.

Kapteni wa Bagamoyo: Nimechomwa sindano ya kwanza, nimepewa tarehe za zilizobaki. Ofisa mifugo yuko njiani nyumbani.

Mwandishi: Alhamdulillahi. Tarehe hizo usiruke hata moja.

Msafiri_Tegeta: dada nimerudi. eksirei haikuonyesha, nikauliza altrasaundi kama ulivyomwambia bibi. ni gunzi. wamemfungua, ametoka, amelala. samahani kwa yale majibu yangu ya mwanzo. anaanza kula lini?

Mwandishi: Nimefurahi sana. Kula ni pale daktari atakaposema, kidogo kidogo, laini, kuku bila mfupa na wali uliopondeka. Avae ile kola ya plastiki asilambe mshono. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo za hatari, utumbo ulioungwa unaweza kuachia: akikataa chakula, akitapika au akipata homa siku hizo, rudi usiku huo huo. Anaitwa nani?

Msafiri_Tegeta: Kashata