Paka mzee mwenye kisukari: ale kwanza, sindano baadaye

Kama paka wako anachomwa insulini, kwa kawaida kila baada ya saa 12, mwekee chakula kwanza na umwone akila. Akisusa, usibuni dozi kichwani. Mpigie daktari wa mifugo. Dozi kamili bila chakula inaweza kushusha sukari mno: ataanza kuyumba, kulegea, hata kupata degedege. Hapo mpake asali kidogo kwenye ufizi (usimmiminie mdomoni, atapaliwa) kisha umkimbize kwa daktari.

Kinachonitia hofu zaidi ni bomba la sindano. Insulini ya U-40 (yenye uniti 40 katika kila mililita) inataka bomba la U-40. Ukivuta insulini ya U-100 (uniti 100 katika kila mililita) kwa bomba la U-40 hadi mstari uleule, umempa dozi mara mbili na nusu. Soma maandishi ya chupa na ya bomba kila ununuapo vipya.

Kuchoma kwenyewe wala si kazi: inua ngozi ya ubavuni, ingiza sindano chini yake. Wengi hawaachi hata kula.

Angalia pia mchanga wake wa kujisaidia. Mabonge ya mkojo yakianza kuwa makubwa tena, huenda sukari imepanda.