Diski ya Nje Inapokataa Kufunguka Baada ya Kusasisha Linux

Diski ya nje iliyofunguka jana bila shida, kisha leo, baada ya mfumo kusasishwa, ikatoa ujumbe unaoanza na maneno «wrong fs type, bad option, bad superblock», mara nyingi haijaharibika. Ikiwa imefomatiwa kwa NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows, na huzunguka kati ya Linux na Windows, mshukiwa wa kwanza ni draiva, programu inayouwezesha mfumo kuisoma diski hiyo. Kwa miaka mingi Linux ilitegemea ntfs-3g, draiva inayofanya kazi nje ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Lakini toleo la 5.15 la keneli, la mwaka 2021, lilileta ntfs3, draiva iliyomo ndani ya keneli yenyewe, na mifumo kadhaa ikaanza kuitanguliza. Draiva hii, ikikuta alama kwamba diski haikufungwa vizuri mara ya mwisho, hukataa kuifungua kwa ajili ya kuandika, ilhali ile ya zamani ilikuwa ikiifumbia macho alama hiyohiyo.

Kompyuta ikikushauri kufomati, kataa. Fungua terminali, andika `lsblk -f`, na utafute jina la diski yako, kwa mfano `sdb1`. Isipoonekana kabisa, tatizo si hili: badilisha kebo au tundu la USB kwanza. Ikionekana, andika `sudo dmesg | tail`, amri inayoonyesha ujumbe wa karibuni wa keneli, mara tu baada ya kujaribu kuifungua. Ukiona «volume is dirty and "force" flag is not set», umempata mwizi. Neno `force`, yaani «lazimisha», lisikutie tamaa. Kulitumia ni kuandika juu ya hitilafu ambayo hujaiona.

Dawa iliyo bora iko Windows kwenyewe. Chomeka diski huko, endesha amri ya kukagua na kurekebisha diski, `chkdsk /f E:`, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E, kisha uzime kompyuta huku umeshikilia kitufe cha Shift, kwa sababu uzimaji wa kawaida wenye Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, ni usingizi tu, nao ni chanzo kimojawapo cha alama hiyo.

Asiye na Windows aanze kwa kuokoa mafaili: `sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/sdb1 /mnt` hufungua diski kwa kusoma tu, ndani ya folda `/mnt`. Nakili kila unachokihitaji, ifunge diski kwa `sudo umount /mnt` bila kuichomoa, ndipo utumie `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1` kufuta alama. Mpangilio huu usiupindue, kwani ntfsfix hurekebisha makosa machache ya msingi na haiwezi kushika nafasi ya chkdsk.

Anayetaka draiva ya zamani itangulie aandike mstari `ntfs_drivers=ntfs,ntfs3` chini ya `[defaults]` katika faili `/etc/udisks2/mount_options.conf`, kisha aanzishe upya udisks2, huduma ya Linux inayofungua diski zinapochomekwa. Mimi binafsi nimeiacha ntfs3 ilivyo, maana kelele zake zimenifanya niache kuchomoa diski kabla haijamaliza kuandika.