Mwanao Akikamatwa Usiku: Ninayowaambia Kina Mama wa Igoma

Simu huita saa nane usiku. "Wakili, wamemchukua." Nani kamchukua, kampeleka wapi, mpigaji hajui. Nina miaka 22 katika kesi za jinai hapa Mwanza, na Jumamosi moja kila mwezi nakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtaa Igoma, najibu maswali bila malipo. Linalorudi kila mara ni hili: nianzie wapi?

Anzia kwenye muda. Kabla hujampigia mjomba, andika alikamatwa saa ngapi, hata kama ni nyuma ya daftari la hesabu la mtoto. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi muda wa msingi wa saa 4 kumhoji mtu tangu waliposhika mkono wake. Wakitaka zaidi, waongezewe kwa utaratibu. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa mahakamani, na kesi ikabaki mifupa. Sasa mimi nitabishana vipi na askari mwenye kitabu chenye saa na dakika, ikiwa mke wa mshtakiwa anasema tu "giza lilikuwa limeingia"?

Kisha zungukia vituo. Beba maji, dawa kama anatumia, na jirani mmoja mtulivu. Shangazi anayetukana askari mwacheni nyumbani. Kaunta uliza: yupo hapa, anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake ni nani. Ukiruhusiwa kumwona, mwambie asisaini chochote ambacho hajakisoma au kusomewa, na kwamba anaweza kuomba wakili, ndugu au rafiki awepo anapohojiwa. Niliwahi kumtetea dereva wa bodaboda aliyesaini karatasi akiambiwa ni ya kukabidhi viatu na simu. Kituo sikitaji. Karatasi ile ilikuwa ya kukiri kosa, na alikaa gereza la Butimba miezi 14 kabla mahakama haijaitupa.

Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna hela ya mafuta wala ya karatasi. Wadhamini watafutwe mapema, wawe na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa; Jumapili mtendaji humpati. Ila mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, kwa hiyo msiuze ng'ombe kumlipa mtu anayejidai "ataongea na hakimu".

Hapa ndipo nawasisitiza kuliko pote. Kesi nyingi za uvamizi wa usiku husimama juu ya neno moja: "nilimtambua". Tangu hukumu ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka ijulikane shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Basi nendeni pale wawili, saa ileile ya tukio. Taa iko wapi? Ni balbu au kibatari? Kutoka mlangoni ni hatua ngapi? Mwembe unakinga? Piga picha, andika. Kuna kesi ambayo shahidi aliapa kwamba taa ya duka ilimulika uso wa kijana wangu. Mama yake alimfuata mwenye duka, wakafungua simu: ujumbe wa LUKU ulionyesha uniti zilinunuliwa asubuhi iliyofuata, baada ya duka kulala gizani. Mwenye duka akaja kutoa ushahidi. Lakini msibishe hodi kwa mlalamikaji wala shahidi wake. Mtajitengenezea kesi ya pili.

Kama hakuwepo eneo la tukio, nitajie siku ya kwanza. Mahakama na upande wa mashtaka wanatakiwa kupewa taarifa ya utetezi huo mapema. Ukiibuka siku ya kujitetea unaweza kupewa uzito mdogo sana. Tiketi ya basi, kadi ya kliniki, miamala ya simu, vyote vitunzwe.

Watu huniuliza nawateteaje wezi. Hata mama yangu aliniuliza. Nilimjibu kwamba mwizi bado hajajulikana, ndiyo maana kuna kesi.

Huna hela ya wakili? Katika kesi za mauaji serikali humlipa wakili wa mshtakiwa. Mimi nilianzia huko, kwa malipo ya kununulia viatu. Kwa kesi nyingine, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ulizia ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako.

Baada ya hapo ni tarehe juu ya tarehe. Utasikia "upelelezi haujakamilika" mpaka uote nayo. Nenda hivyohivyo, ufike kabla karandinga halijaingia. Tarehe inayofuata ya kesi hutajwa haraka, karani keshashika jalada linalofuata. Iandike palepale, pamoja na namba ya kesi.