Pima kiuno kabla sukari haijapanda

Chukua tepu ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya chai. Vua shati au legeza kanga, papasa ubavu wa chini kabisa, kisha mfupa wa juu wa nyonga. Tepu ipite katikati ya hapo, ikae sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Wengi hupima mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakapata namba ya kujifariji. Mwanaume akifika sentimita 94, au mwanamke asiye na mimba akifika 80, aanze kuchukua hatua.

Mafuta yanayozunguka utumbo hayakai kimya. Seli zake zikijaa kupita kiasi, huachia asidi za mafuta kwenye damu, na nyingi hufikia ini kwanza. Zikirundikana kwenye ini na misuli, insulini, homoni inayosaidia sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye seli, hubisha hodi na mlango haufunguki. Kazi nyingine ya insulini ni kuzuia mafuta yasiachiwe ovyo. Seli za mafuta nazo zikiacha kuisikia, asidi huzidi kumwagika. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini zaidi, kwa hiyo kipimo cha sukari kinaweza kuonekana kizuri kwa miaka mingi huku tatizo likikua.

Homoni za mafuta nazo hubadilika. Adiponektini, inayosaidia ini na misuli kuchoma mafuta, hupungua kadiri kitambi kinavyoongezeka. Leptini, inayouambia ubongo kuwa mwili umeshiba, hupanda, ila ubongo hauisikii tena, na shibe haiji.

Basi punguza asilimia 5 hadi 7 ya uzito: mwenye kilo 90 alenge kilo 4.5 hadi 6.3. Kwenye ndizi nyama, nusu sahani iwe mboga za majani, ndizi robo, nyama robo isiyo na mafuta. Kata ya mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi na ulezi, ina pombe na sukari pamoja, na vyote huliongezea ini mafuta. Usiihesabu kama kinywaji tu. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, hasa baada ya kula. Arusha na Moshi hazina uhaba wa miinuko, na msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu.

Anayetumia sindano ya insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, amwone daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Rudia kipimo baada ya wiki nne, tepu ileile, mahali palepale.